Mikono ya Ogola

Mikono yangu ina umri wa miaka sitini na minane. Mimi mwenyewe nina ishirini na mitatu, na miguu yangu ni rika langu, ndiyo maana bendi ikiharibu wimbo watu wote hutazama chini.

Jumamosi hiyo niliichovya ngozi ya mikono ya Ogola kwenye karai la maji ya vuguvugu kama kawaida, nikangoja ilainike. Ngozi haivaliwi kavu. Ukiivaa kavu inakung'ata, na ukilalamika Masinde atakwambia waliokutangulia hawakulalamika. Hatakwambia kwamba waliokutangulia walitoroka. Ilipoanza kutoa vipovu niliinyanyua, nikaingiza mkono wa kulia, kisha wa kushoto, nikaivuta mpaka mabegani kama sweta lililokatwa tumbo. Vidole vikawasha, vikatulia. Halafu nikasikia mtu mwingine akijinyoosha ndani ya viwiko vyangu.

"Mzee ameamka?" Muthui akauliza. Muthui ni wa besi, au tuseme ni mbebaji wa mtu wa besi, kwa sababu na yeye huvaa ngozi ya marehemu Sirma.

"Ameamka. Anauliza kama umeoga."

"Mimi nimeoga. Anayenuka ni Sirma."

"Mnaongea sana," Masinde akasema kutoka kwenye maikrofoni.

Masinde ndiye mwimbaji, ndiye mwanzilishi, na ndiye pekee kati yetu anayepanda jukwaani na ngozi aliyozaliwa nayo. Bendi yenyewe inaitwa Kutu. Ilianza zamani na watu watano, wakiwa na nywele ndefu, wakipiga muziki wa chuma hapa Nakuru wakati majirani walidhani kuna gari linagongwa. Mmoja alikufa, mmoja alihamia ughaibuni, mmoja alifukuzwa, mmoja aliokoka. Waliokuja kuziba mapengo nao wakaondoka, na waliowafuata pia, mpaka tukabaki watatu. Lakini ukija kwenye onyesho ukafumba macho, unasikia watu wale wale wa mwanzo. Ndiyo kazi ya ngozi. Mwenye ngozi alipiga muziki akiwa ameivaa kwa miaka, ikajifunza kila mshtuko wa misuli yake, na sasa ukiivaa wewe inakuvuta mkono mpaka unapiga kama yeye. Wewe unachangia nyama.

Mimi sikuajiriwa kwa kipaji. Niliajiriwa kwa urefu wa mikono. Nilikuwa mlinzi wa netiboli shuleni, na Masinde aliniona nikinunua maziwa, akatoa futi ya fundi nguo mfukoni akanipima pale pale dukani. Nilidhani ni mwendawazimu. Sikukosea sana.

"Mvuke," akasema sasa, akitaja wimbo. "Kuanzia juu."

Mikono ya Ogola, mpiga ngoma wa mwanzo wa Kutu, ikapanda yenyewe. Huwa nasubiri dakika hiyo, vijiti vikiwa hewani na mimi sijui vitaangukia wapi, halafu vinaanguka mahali sahihi kabisa na ghala lote linatikisika. Tunafanyia mazoezi kwenye ghala la zamani la pareto. Bado lina harufu ya maua makavu, na nzi hawaingii, nadhani kwa sababu ya pareto ingawa Muthui anasema ni kwa sababu ya Masinde. Mikono ikakimbia. Matoazi yakalia. Masinde akafungua kinywa akanguruma mpaka mishipa ya shingo ikatoka nje kuangalia kuna nini.

Halafu akakatiza katikati ya neno. Alikuwa anatazama mlangoni.

Pale palisimama mzee mrefu, amevaa fulana yetu ya zamani yenye maandishi yaliyopauka. Mikono yake ilikuwa inatetemeka. Si kutetemeka kwa baridi. Ilikuwa inapaparika kama kuku uliyemshika miguu, na yeye alikuwa ameikunja kifuani kuibana, haibaniki.

"Endeleeni," akasema. "Mlikuwa mnafika mahali pazuri."

Sikuwahi kumwona, lakini nilimjua. Mikono yangu ilimjua kabla yangu. Vijiti vilinitoka.

"Ogola," Masinde akasema.

"Masinde. Umenenepa."

"Karibu."

"Umeshasema karibu, sasa sema kaa."

Muthui akamletea kiti. Nikamimina chai kutoka kwenye chupa, nikamtengea kikombe, na hapo hapo nikajua nimefanya ujinga. Alikitazama kikombe kama mtu anayetazama mlima. Hakukigusa.

"Wewe ndiye unayenivaa siku hizi?" akaniuliza.

"Ndiyo, Mzee. Naitwa Kabon."

"Unanivaa vizuri. Ila ile mizunguko ya mwisho, pale kabla Masinde hajarudi, umeweka pigo moja la kiherehere. Mimi siliweki."

"Hiyo ni ngozi, Mzee. Mimi naifuata tu."

"Hapana, binti. Hilo ni lako."

Akamgeukia Masinde, akasema alichokuja kusema, bila kuzunguka. Daktari amemwambia ugonjwa hauna dawa, lakini kuna watu waliorudishiwa ngozi zao za zamani wakatulia. Ngozi inakumbuka mikono ilivyokuwa kabla. Alikuwa anaomba yake.

"Binti yangu ananilisha," akasema. "Ananivalisha fulana kwa sababu fulana haina vifungo. Sijaja kuomba kupiga ngoma, Masinde. Nataka kujifunga shati."

Masinde alikuwa anazungusha waya wa maikrofoni kidoleni.

"Sheria ya Kutu unaijua," akasema hatimaye.

"Naijua."

"Isome basi, vijana wasikie."

"Anayeondoka aende, mikono ibaki." Ogola alitabasamu upande mmoja wa mdomo. "Niliitunga mimi, wakati Sirma alipotaka kuondoka na yake. Nilisimama pale pale lilipo karai, nikamwambia mwili ni wa mama yako, mikono ni ya bendi. Nilijiona nimesema neno kubwa sana."

"Alilia," Masinde akasema.

"Alilia. Nikafunga mlango."

"Na mimi nikifungua leo, nitakuwa nimekukosea wewe au nimemkosea Sirma?"

Mikono ya mzee ndiyo iliyojibu, ilijirusha ikapiga kikombe, chai ikamwagika mapajani. Hakushtuka. Alikuwa amezoea. Mimi ndiye niliyekimbilia kitambaa, na nilipokuwa nampangusa goti niligundua jambo la aibu kidogo, kwamba nilikuwa nampangusa kwa mikono yake mwenyewe.

Tatizo lilikuwa Ijumaa. Ijumaa tulikuwa tunapimwa na Halmashauri ya Sauti za Urithi. Wale ni watu wanaoamua bendi ipi ni urithi na ipi ni kelele, na wanaamua kwa mashine. Mnapiga wimbo mmoja, mashine inalinganisha na rekodi zenu za mwanzo, inatoa asilimia ya asili. Sitini kwenda juu mnapata cheti, mnapanda uwanja mkubwa, mnaalikwa huku na huko kama mabaki ya kale yenye spika. Chini ya hapo mnapiga kwenye harusi, na niambie ni bibi harusi gani anataka kuingia ukumbini akisindikizwa na Masinde. Mwaka jana tulipata sitini na tatu. Ngozi ya Ogola ndiyo iliyobeba mzigo. Koo la Masinde lenyewe, ambalo ndilo la asili kweli kweli, lilipunguza alama kwa sababu limezeeka.

Jambo la pili ni kwamba ngozi hufungamana na mapigo ya moyo ya anayeivaa. Haimfungukii mwingine mpaka yule wa mwisho aishike kifundo kwa kiganja kitupu, atulie, aiache ipoe mkononi mwake. Masinde angeweza kukataa mpaka sauti imkauke. Aliyeweza kuitoa ni mimi.

Jumatatu nilimpeleka Ogola, pamoja na ngozi, kwa Fundi Rukia anayezirekebisha ngozi hizi, bila kumwambia Masinde. Rukia ana karakana nyuma ya soko, katikati ya mtu wa kutengeneza viatu na mtu wa kutengeneza simu, na wote watatu hugombania soketi moja ya umeme. Alimvulia Ogola fulana, akamtazama mabega, akapata kovu dogo.

"Hapa ndipo walipochukua mbegu," akasema. "Ngozi iliota kutoka kwenye bega hili, zamani, ukiwa mzima. Kwa hiyo itakukubali. Tatizo ni huyu mwanangu." Akanielekezea bisibisi. "Ngozi inajifunza kwa matabaka, kama kitunguu. Chini kabisa ni wewe, Mzee. Juu yako kuna wote waliokuvaa. Juu kabisa kuna Kabon."

"Sasa si uinakili tu," nikasema, "kila mtu apate yake, twende nyumbani."

"Ni nyama, Kabon, si faili. Nikupige picha wewe, halafu picha ifue nguo?"

Alitujaribishia. Ogola aliivaa, nami nikamshika vifundo kutoka nyuma, ili ngozi idhani bado iko kwangu. Tulikaa hivyo kama watu wanaofundishana kuendesha baiskeli. Mara mikono yake ikaacha kutetemeka. Ilitulia ghafla, kama feni iliyozimwa. Akavuta pumzi ndefu, asiitoe.

Rukia alimwekea chai. Ogola akachukua kijiko, akakoroga, kisha akagonga kijiko mara mbili kwenye mdomo wa kikombe.

"Hii si mimi," akasema.

"Ni mimi hiyo, Mzee. Samahani."

"Nyumbani kwenu hawakukufunza adabu?"

"Walijaribu. Iliyofunzika ni miguu tu."

Akacheka, akanywa, hakumwaga tone. Kisha akaomba koti la kazi la Rukia lililokuwa limeangikwa ukutani. Akalipakata, akafunga kifungo cha kwanza. Akafunga cha pili, mpaka cha mwisho. Akavifungua vyote, akaanza upya. Hakutuangalia. Mtu wa viatu aliingia kutafuta soketi, akatuona tulivyokaa, akatoka bila kuuliza.

Nilichoka mikono. Sikukusudia kitu kingine. Niliachia vifundo ili nijikune pua, na mikono yake ikapaparika papo hapo, kifungo kikabaki nusu ndani nusu nje ya tundu. Alijaribu kukimalizia. Alijaribu tena. Nikarudisha viganja haraka lakini alikuwa ameshaliweka koti chini, anakunja uso wake vizuri, kama mtu anayekunja shuka.

"Si kitu," akasema. "Nimefurahi sana."

Rukia alinivuta pembeni. Aliniambia anaweza kumshonea ngozi kwenye neva, itulie naye maisha, lakini ikishashonwa haitoki tena, si kwa mazoezi wala kwa onyesho moja. Anaweza pia kuosha tabaka langu ili Ogola asigonge vijiko, ila akiosha atakwangua na la Ogola kidogo.

"Asioshe," Ogola akasema. Kumbe masikio yake hayana ugonjwa wowote. "Nitagonga vijiko. Lakini sikuombi kitu, Kabon. Nataka ulijue hilo. Mimi nilimfungia Sirma mlango nikiwa na akili zangu timamu."

Kama angeniomba ingekuwa rahisi, ningetafuta mzaha wa kumkatalia.

"Na mimi nikivua," nikamuuliza Rukia, "mikono yangu inajua nini?"

Alinibonyeza misuli ya kigasha kwa kidole gumba, akatikisa kichwa. "Imebebwa muda mrefu. Kama mguu uliokaa ndani ya plasta. Sijui itakumbuka nini, kama ilikuwa na cha kukumbuka."

Hicho ndicho kilichoniumiza, kwa sababu haikuwa nacho. Kila ninachojua kwenye ngoma nilikijua nikiwa ndani ya Ogola. Nikiivua, mimi ni mlinzi wa netiboli aliyestaafu, na shangazi yangu ana vifaranga mia wanaonisubiri kule Mogotio.

Nilimwambia Masinde siku iliyofuata. Nilimkuta ghalani peke yake, anapaka mafuta bawaba za mlango. Nilidhani atapiga kelele. Ni kazi yake, anapigiwa makofi kwa hilo. Badala yake alikaa juu ya spika.

"Muthui ana watoto," akasema.

"Najua, Mkubwa."

"Anawasomesha kwa mikono ya Sirma. Ukimpa Ogola yake, kipimo kitaanguka, na Muthui ataanguka nacho. Umemfikiria? Au Muthui si mzee, hatetemeki, kwa hiyo hahurumiwi?"

Hilo lilinipata.

"Nimemwagiza Rukia anioteshee kola ya koo, ngozi ya sauti yangu," akaendelea. "Mwaka kesho sauti hii haitakuwepo. Atapatikana kijana mwenye shingo ya kunitosha. Kutu haitakufa. Hilo ndilo nililokuwa nalijenga wakati nyinyi mnafanya mizaha."

"Sasa Mkubwa, siku hiyo jukwaani atakuwepo nani?"

"Kutu."

"Nimeuliza nani."

Aliweka kopo la mafuta chini. "Nikuambie kitu, na usikifanyie mzaha. Nimeimba mbele ya mikono ile maisha yangu yote. Ogola alipoanza kukosea, nilimtoa, nikawaambia watu amepumzika. Sikumtoa kwa sababu ya watu. Nilimtoa kwa sababu nilipotea. Sikujua niingie wapi. Halafu akaja wa kwanza akavaa ile ngozi, na nikasikia Ogola wa zamani nyuma yangu, mzima. Nikashukuru. Mpaka leo nikigeuka nikaona uso wako, nashtuka."

"Hata mimi nikijiona kwenye kioo nashtuka," nikasema, kabla sijajizuia.

"Nilikuambia usifanye mzaha."

"Samahani."

"Unaivua?"

"Alifunga kifungo, Mkubwa. Mimi ndiye niliyeachia mkono, na kifungo kikabaki katikati. Nikiivaa tena Ijumaa nitakuwa nimeachia mara ya pili, tena kwa makusudi."

Alirudi kwenye bawaba zake, na mimi nikaitoa ngozi karaini ikiwa bado ina majimaji, nikaifunga kwenye taulo.

Kwa Rukia niliishika vifundo kwa viganja vitupu kama inavyotakiwa. Ilikuwa na joto la mtu mwenye homa. Nilidhani nitasikia kitu kikubwa, kumbe ilipoa polepole tu kama sufuria iliyoepuliwa, na ilipopoa kabisa Rukia akaichukua akavuta pazia, Ogola akiwa upande wa pili. Sikukaa kungoja.

Ijumaa asubuhi alikuja bwana wa Halmashauri, kijana mwenye viatu safi, akaweka mashine yake juu ya meza akaifuta vumbi lisilokuwepo. Nilikaa nyuma ya ngoma nikiwa mikono mitupu. Ilionekana myembamba, na nywele zake zilikuwa zimelala upande mmoja kwa kubanwa. Muthui alinitazama, akamtazama Masinde, akaelewa. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Lilikuwa kosa langu kama lilivyokuwa la Masinde. Kila mmoja wetu alidhani mwingine atasema.

Tulipiga Mvuke. Nisiseme mengi. Miguu yangu ilijitahidi. Mikono ilikuwa inafika kama wageni wa harusi, mmoja mmoja, na kila mmoja na udhuru wake. Masinde aliingia mahali Ogola angekuwa, akakuta hapana mtu, akasita, akaingia tena. Bwana wa viatu safi alisubiri mpaka mwisho, kwa heshima, akageuza mashine tuone. Thelathini na nane.

"Mnaweza kuomba upya mwakani," akasema. "Nawapenda sana, kusema kweli. Baba yangu alikuwa na fulana yenu." Akafunga mkoba wake akaondoka.

Muthui alichomoa waya wa besi. Alivua ngozi ya Sirma bila hasira, akaikamua maji, akaitundika kwenye msumari wake.

"Kuna bendi ya injili Gilgil inatafuta besi," akasema. "Ngozi hawataki. Wanataka mtu anayetunza mapigo."

"Muthui, ningekuambia," nikasema.

"Ungeniambia Jumanne. Jumanne ningelia, Jumatano ningekubali. Ungepungukiwa nini?" Alimpa Masinde mkono, akanipa na mimi, wake mwenyewe, wenye vidole vifupi ambavyo sikuwahi kuviona vikiwa wazi. Akatoka na gita lake mgongoni.

Tukabaki wawili. Nilianza kufungua parafujo za matoazi. Mtu akishaua bendi anaweza angalau kuikunja.

"Unafanya nini?" Masinde akauliza.

"Nafungasha, Mkubwa."

"Nani amekwambia tumemaliza?"

Nikamtazama nione kama ni hasira au ni mzaha. Hakikuwa kimojawapo. Alikuwa ameshika maikrofoni kwa mikono miwili, amenigeukia mimi, mgongo wake ukiutazama mlango ambao watu wote wametokea. Kwa mara ya kwanza tangu anipime kwa futi, aliniangalia usoni asishtuke.

"Mvuke," akasema. "Kuanzia juu."

Niliokota vijiti, nikavinyanyua, nikangoja vivutwe. Nilingoja kwa mazoea, vijiti hewani, mabega yakiwa wazi kama mlango. Hakuna aliyekuja. Mikono yangu ilikaa pale juu ikaanza kuchoka, na nikaelewa kwamba itakaa hivyo mpaka mimi niamue. Nikaishusha. Pigo lilitoka kavu, limechelewa, si mahali pake.

"Umechelewa," Masinde akasema.

"Najua."

"Chelewa tena vile vile, nijue ni wapi. Nitakungoja hapo."